Papa Gérard na Sauti Aliyoiondoa

Tarehe 31 Desemba 2025, Papa Gérard Syauswa anamaliza miaka ishirini na sita ya kazi katika studio yetu ya Mususa, hapa Butembo. Karibu kila kitu kilichotoka hapa, yeye ndiye aliyekiunganishia picha na sauti: ndoa, komunio, maziko, na filamu zetu mbili. Mimi, Rébecca, ninashona nguo za waigizaji katika chumba kinachopakana na chake, na wakubwa wameniomba niandike ukurasa huu. Waliniomba pia uwe wa furaha. Nitajaribu.

Alianza mwaka 1999, akipiga picha za ndoa kwa kamera ya kuazima. Baadaye alihamia kwenye montage, kazi ya kuunganisha picha na sauti, na huko ndiko tulikomzoea: viazi vitamu vilivyopoa mezani, vifaa vya kusikilizia masikioni, macho yamefungwa. Alisema macho yanadanganya masikio. Mgeni mmoja aliwahi kutuuliza kwa sauti ya chini, "Ule muzee, munamulipaka juu ya kulala?" Papa Gérard, ambaye tulidhani hasikii, alijibu bila kufumbua macho: "Ndiyo, na kesho nitaomba waniongezee."

Mwaka 2021 studio ilitoa *Mchumba wa Ukungu*. Aliyeiandika na kuiongoza ni Valère, mwalimu wa Kifaransa aliyeletwa kwetu kutoka Kinshasa. Msichana anashuka mlimani na ukungu wa asubuhi, anampenda seremala aitwaye Kambere, na jua likitoka anatoweka. Papa Gérard alisoma karatasi zile akamwambia, "Valère, huyu anasema ni mutoto pekee. Mutoto pekee hapana kuitwa Kambere." Valère alijibu kwamba ni jina tu, tena zuri.

Kwetu Kambere ni mwana wa pili wa kiume wa mama yake, hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Jumapili ya kwanza, katika salle, ukumbi wa parokia, seremala aliposema, "Mimi ni mwana pekee wa mama yangu," watu waliangua kicheko. "Kambere! Mukubwa yako iko wapi?" Ilibidi filamu isimamishwe. Wiki iliyofuata wengine walilipa kiingilio mara ya pili ili wapate kupiga kelele ileile.

Valère alinuna siku kumi na nne, kisha akaandika sehemu ya pili ili kuwajibu. Kaka mkubwa alikuwepo. Aliitwa Mumbere, jina la mwana wa kwanza. Ukungu ulimchukua akiwa kijana, na ni yeye ambaye yule msichana alimpenda kwanza. Mwishoni anarudi mara moja tu, anawaaga, anawaachia wapendanao njia.

Mumbere aliigizwa na mume wangu, Luc Kahongya. Hakuwa mwigizaji. Kazi yake ilikuwa kuongoza sherehe za ndoa kwa kipaza sauti, na mji mzima ulijua sauti yake. Nilimshonea koti la kijivu, akalalamika kwamba linabana kwapani.

Kwa sababu ya pikipiki na majenereta ya Butembo, studio yetu hupiga picha kwanza na kutia sauti baadaye. Luc alipigwa picha zake zote. Wiki moja kabla ya kutia sauti, alikwenda upande wa Mbau kumsaidia dada yake kuvuna kakao. Aliuawa shambani na waasi, pamoja na watu wengine sita.

Valère alitaka sauti ya mtangazaji wa redio. Papa Gérard aliomba apewe siku tisa. Alifungua kabati la kanda za ndoa akaanza kumtafuta Luc, neno baada ya neno, ili Mumbere aage kwa sauti yake mwenyewe. "Nimekawia" alilipata katika ndoa ambayo pikipiki ya Luc ilikufa njiani. "Lakini nimefika" lilitoka hapohapo. "Musiningoje tena" lilitoka kwenye karamu moja ya Kyondo, pale Luc alipowaambia wageni waanze kula. Siku ya tisa alinivalisha vile vifaa vyake masikioni na kutoka nje, akaniacha peke yangu na ile sentensi.

Butembo, sehemu ya pili ilipoonyeshwa, watu waliitambua sauti ya Luc. Mwanamke mmoja, Katungu, alisema kwa nguvu, "Ni ile sauti ya ndoa yetu!" na wengine wakamwitikia wakilia.

Wiki moja baadaye tulikwenda Beni. Huko hawakumjua. Nyuma ya "musiningoje tena" kulisikika sahani na vijiko, ambavyo Papa Gérard alishindwa kuvitoa. Mtu mmoja alipiga kelele, "Mais, anaita batu ku chakula!" Mwingine akadakia, "Mutuletee na sombe!" Walicheka hadi taa zikawashwa. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya pili.

Valère aliamuru sauti ibadilishwe. Papa Gérard alikuja nyumbani kwangu akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. "Mama Rébecca, ile sauti ni ya bwana yako. Hapana ya Valère. Useme wewe."

Nilimwambia, "Papa, utoe. Lakini usitie ya mutu mwingine."

Kazi ya siku tisa aliiondoa kwa asubuhi moja. Mumbere sasa anafungua kinywa, midomo inatembea, na hakuna kinachosikika.

Mwezi wa tisa mwaka huu, jopo la tuzo huko Beni lilisifu ukimya ule kuwa wazo la ujasiri la mwongozaji. Valère alipanda jukwaani akasema, "Nilitaka watu wasikie kifo." Katika programu jina la Gérard Syauswa halikuwemo. Tulikuwa watu wanane wa studio tumeketi safu moja naye. Hakuna aliyesimama. Yeye alipiga makofi kama wengine, kisha kesho yake akaleta barua ya kuomba kupumzika, mwaka mmoja kabla ya wakati wake.

Papa Gérard, asante kwa miaka ishirini na sita, na kwa zile siku tisa. Asante pia kwa ile asubuhi moja, ambayo najua ilikugharimu kuliko siku zote tisa. Wasingya, asante ya kwetu. Tunakuombea afya, mvua nzuri juu ya maharagwe yako, na wajukuu wa kukusumbua. Na wakikuuliza ni nani aliyefanya ile sehemu ya mwisho, uwaambie mwenyewe, bila haya. Sisi wanane tulipopata nafasi ya kusema, hatukusema.