Mama Mkanda na Mwendo wa Wanaojikokota

Marehemu, ambaye wengi tulimzoea kwa jina la Mama Mkanda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mkunga. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kiume, ambaye tangu utotoni alikuwa akiambiwa, "Inua miguu, wewe!"

Alimaliza sekondari mwaka 1985, akasomea tiba ya viungo. Alipofikisha miaka thelathini na minne, kwa ukaidi wake, akarudi darasani kusomea kompyuta. Waliomcheka aliwapita.

Mwaka 1996 aliolewa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mmoja. Mumewe anasema hakuweza kumficha kitu. Wakitembea pamoja angeambiwa tu, "Leo mwendo wako umepungua, baba. Nani kakuudhi?"

Kazi yake ilikuwa kumfunga mgonjwa mkanda kiunoni, wenye kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko wa mwili, na kuifundisha kompyuta ikadirie kasi yake. Maana mwendo ukipungua, mwili una neno. Kompyuta ya kwanza aliifundisha kwa miguu ya wanafunzi sitini na wawili wa chuo, vijana wazima kama vigongo. Mwaka 2009 akaipeleka wodi ya wazee. Mshonaji mmoja mstaafu alivuka wodi nzima akitota jasho, kompyuta ikaandika: amesimama.

"Mimi nimefika dirishani," mzee akasema. "Hiyo mashine yako imefika wapi?"

Wenzake walitaka wazee kama huyo waondolewe kwenye vipimo. Alikataa katakata, akatupa kazi ya miaka miwili, akaanza upya na wanaojikokota.

Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulimwanza mwaka 2021. Wakati huo kompyuta ilikuwa bado haiwatambui wale wa mwisho kabisa, wanaoburuta nyayo, kwa kuwa wengi huchoka kabla hawajapimwa vya kutosha. Basi akajifunga mkanda mwenyewe. Kila asubuhi, kitandani hadi mlangoni, mita nne. Mdogo wake alimfokea, akaambulia patupu.

"Mama, pumzika basi," binti alimsihi.

"Kupumzika kupo, mwanangu. Hao wenzangu nani atawahesabu?"

Tarehe 9 Juni 2024 mita hizo nne zilimchukua dakika moja na nusu. Akauliza, "Imesemaje?"

Binti akatazama kioo cha kompyuta. "Imesema unatembea, Mama."

Haikusema hivyo. Ilisema amesimama. Marehemu alimshika mkono. Alifariki tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi. Kama aliamini, hatujui. Hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Binti mwenyewe ndiye aliyeomba haya yasomwe leo, maana anasema alimdanganya mama yake.

Mjomba wake anamjibu hapa, mbele ya jeneza: hukusema uongo, mwanangu. Mashine ndiyo iliyokosea. Sisi tulimwona.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na mdogo wake mmoja. Alitembea mpaka mlangoni. Sasa apumzike kwa amani.