Dawa ya Tatu

BIBI: Haloo? Nani huyo anahema hivyo?

MJUKUU: Mimi, Bibi. Shikamoo — mjomba yuko hapa maabara, ana nondo!

BIBI: Marahaba. Nondo ya nini?

MJUKUU: Kampasua mlinzi kichwa. Anavunja matangi, samaki wanarukaruka sakafuni, anawakanyaga!

BIBI: Mwanangu? Anayemlisha dada yake supu kwa kijiko?

MJUKUU: Huyo huyo! [vioo vinapasuka] Nimejifungia chumba cha hadubini. Bibi, ulimwambia nini?

BIBI: Jana alilia sana. Nikamtuliza... nikasema saratani ya mama yako mmeihamishia kwenye vile visamaki vya milia.

MJUKUU: Hatujaihamisha! Tumewapandikiza chembe zake tu, tuone dawa ipi inaziua. Mama bado anayo mwilini!

BIBI: Kumbe yeye kaelewa akiwaua samaki —

MJUKUU: — anamponya mama! Ndivyo anavyopiga kelele. [chuma kinagonga mlango] Uwii!

BIBI: Weka spika! We mwana! Tua hicho chuma! Nilikosea mimi, mama yako!

MJUKUU: Hasikii. Bawaba moja imeng'oka. Na sahani ya vifaranga wa samaki waliopewa dawa ninayo mimi, ilikuwa isomwe kesho...

BIBI: Mpe, mjukuu wangu! Atakuua! Samaki si watapatikana wengine?

MJUKUU: Samaki, ndiyo. Chembe za kupandikiza zimekwisha, na mama hawezi kupasuliwa tena.

BIBI: [mtandao unakwaruza] ...basi isome sasa.

MJUKUU: Sasa hivi?

BIBI: Macho si unayo? Soma!

MJUKUU: Dawa ya kwanza... uvimbe umejaa tumbo zima. Ya pili, wamekufa wote. [mbao zinapasuka] Ya tatu — Bibi! Wako safi! Naona hadi mioyo inavyodunda, uvimbe hakuna!

BIBI: Wote?

MJUKUU: Wote ishirini — Mjomba, usi — [kishindo] Mkono wangu!

BIBI: Mwache mtoto! Mwache, nakwambia!

MJUKUU: Kaisaga sahani kwa kiatu. Anacheka, Bibi. Anasema, "Dada kapona."

BIBI: Na wewe je?

MJUKUU: Mfupa umetoka nje. Mwambie daktari ni ya tatu. Rudia!

BIBI: Ya tatu. Mlinzi yu hai?

MJUKUU: Namsikia anakoroma. Ita gari la wagonjwa.

BIBI: Na huyo mwanangu, anafanya nini sasa?

MJUKUU: Kaiona damu. Kavua shati... ananifunga mkono. Ananiuliza nani kaniumiza — salio lina —

BIBI: Mwambie ni mimi! Haloo? Mwambie ni mimi!