Neville Trewin, Tarishi wa Dakika za Mwisho

Neville Trewin aliajiriwa na Klabu ya Mpira ya Murnook mwezi Machi 1980, na amestaafu Jumamosi tarehe 13 Septemba 2014, baada ya miaka thelathini na minne na nusu. Siku za kazi alikuwa mtunza uwanja. Jumamosi alivaa fulana ya rangi ya waridi akawa tarishi: mtu anayeruhusiwa kutoka benchi la kocha, kuingia mbio katikati ya mchezo, kumpa mchezaji neno la kocha na kutoka kabla mpira haujamkuta. Karatasi hii inagawiwa leo pamoja na chakula cha kumuaga. Mwenyewe amekubali iandikwe kwa sharti moja tu. Nev si mtu wa kungoja, lakini safari hii angoje kidogo. Sharti lake litafika mahali pake.

Siku yake ya kwanza haikumpa sifa. Kocha wa wakati ule, marehemu Alwyn Schirmer, alimtuma akamwambie beki wetu: "Kaa nyuma ya yule mrefu, usimwache hata akienda chooni." Nev alikimbia, akasimama, akautoa ujumbe wote bila kupunguza neno, tena mbele ya yule mrefu mwenyewe, mchezaji wa wapinzani wetu, Yarrapeet. Yule bwana alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Asante, ndugu yangu. Mwambie kocha wako nitakwenda wakati wa mapumziko, mlinzi wangu ajiandae."

Tangu hapo Nev alijifunza mambo mawili: aangalie rangi ya fulana, na afupishe. Alwyn alikuwa na tabia ya kumpa hotuba. Hotuba ikifika uwanjani ilikuwa imebaki maneno matatu. "Pembeni. Daka. Tulia." Mpira wetu si soka, huchezwa kwa mikono na miguu: yaani upelekwe karibu na mstari wa pembeni, udakwe badala ya kugombaniwa, na aliyeudaka asiwe na haraka ya kuupiga. Mchezaji aliyechoka hana nafasi kichwani ya maneno zaidi ya hayo, na Nev aliamini kwamba katika robo ya mwisho kati ya nne za mchezo, timu ikiwa mbele kidogo tu, kazi ya tarishi ni kuondoa maneno.

Ni vigumu kueleza kihoro cha dakika hizo kwa mtu ambaye hajazikalia. Katika viwanja vyetu mchezaji haoni saa. Wanaojua muda kwa hakika ni watu wawili, mmoja wa kila klabu, waliokaa bega kwa bega ndani ya kibanda wakiwa na kitufe cha king'ora. Walioko uwanjani hawajui kama zimebaki dakika mbili au sita. Mpira ukipita kati ya milingoti miwili mirefu ni alama sita. Ukipita pembeni yake ni alama moja. Kwa hiyo aliye mbele kwa alama tano anaweza kupigwa kwa teke moja. Anavuta pumzi, anatazama kibanda, anatazama mpira, anatazama kibanda tena.

Beki aliyebanwa ana dawa moja chungu: auguse mpira uvuke mstari wa goli lake mwenyewe. Anawapa wapinzani alama moja ili wasipate sita, kisha anauanzisha mpira yeye. Siku hizi mwamuzi humwadhibu anayefanya hivyo bila kubanwa, lakini zamani ilikuwa ruhusa. Cha muhimu ni kujua hesabu. Ukiwa mbele kwa mbili, kutoa moja ni busara. Ukiwa mbele kwa moja, umejipatia sare kwa mkono wako.

Fainali ya 2006 ndiyo iliyompa Nev jina. Tulishikilia uongozi wa alama nne kwa dakika kumi na moja. Aliingia na kutoka mara tisa. Nahodha wetu alipiga goti kufunga kamba za kiatu, akafunga, akafungua, akafunga, hadi mwamuzi akainama kumtazama: "Mwanangu, hicho kiatu unakifunga au unakishona?" Magari yaliyouzunguka uwanja yalikuwa yakipiga honi kabla ya wakati. Noelene, mke wa Nev, aliyekuwa jikoni siku hiyo, alitoka mara moja tu kuchungulia, na trei nzima ya pai za nyama ikaungua. King'ora kilipolia tulikuwa bado na alama nne. Pai ziliuzwa zote, zikiwa nyeusi.

Watu hudhani aliyezoea dakika kama zile ana moyo mtulivu. Nev hajawahi kutulia. Kanisani husimama nyuma, karibu na mlango. Kwenye mkutano wa klabu hunywa chai akizunguka meza. Wakati wa ukame wa 2007 hakukubali nyasi zife: alipita nyumba kwa nyumba na tangi kwenye kigari, akikusanya maji ya kufulia nguo, na majira yote yale uwanja ulinuka sabuni. Noelene amesema anaogopa Jumamosi zijazo. "Nitamweka wapi?" aliniuliza wiki hii. "Nikimwambia kaa, anauliza hadi saa ngapi."

Sasa sharti lake.

Mwezi Septemba 1991 tulicheza fainali na Yarrapeet. Beki wetu wa mwisho alikuwa Garnet Pohlner, ambaye hadi leo ni mpimaji kwenye mzani wa maghala ya ngano. Robo ya nne, Yarrapeet walikosa goli wakapata alama moja ya pembeni. Mwandishi wa karatasi hii ndiye aliyeshika saa benchi. Ilikuwa imebaki dakika moja na kidogo. Alwyn alimwambia Nev, "Dakika moja. Washikilie." Basi. Hakusema lingine.

Nev alikimbia kuelekea golini kwetu. Njiani alitupia macho ubao wa matokeo. Ubao wetu wakati ule ulikuwa wa mabati, na namba zilitundikwa kwa mkono kwenye misumari. Ulionyesha Murnook 75, Yarrapeet 73. Alama iliyopatikana dakika ile ile ilikuwa bado mkononi mwa mtundikaji, juu ya ngazi. Nev alimfikia Garnet akasema, "Dakika moja, shikilia." Kisha akaongeza neno ambalo hakutumwa. "Tuko mbele kwa mbili. Ukibanwa, itoe."

Garnet alikuwa na mpira mkononi, tayari kuuanzisha. Akasema, "Mimi nina moja."

"Mbili," Nev akasema.

"Pamoja na hiyo ya sasa hivi?"

"Pamoja na hiyo."

Garnet aliupiga mpira. Haukwenda mbali, ukarudi. Watu watatu wa Yarrapeet wakamrukia, naye akafanya alichoambiwa: akaupiga ngumi uvuke mstari. King'ora kikalia. Alama 75 kwa 75. Kwa kanuni za ligi yetu wakati ule tulirudia fainali Jumamosi iliyofuata, tukafungwa kwa alama arobaini na moja.

Mji mzima uliona mkono wa Garnet. Hakuna aliyesikia maneno ya Nev. Jioni ile kwenye chumba cha kubadilishia nguo Nev alimwendea akasema, "Nawaambia sasa hivi." Garnet alikuwa akifungua bandeji. "Jumamosi tunacheza nao tena," alijibu. "Ukishasema, nani atakuamini ukija mbio dakika ya mwisho? Kila mtu atageuka kutazama ubao kwanza, na wakati anatazama ubao, mpira umempita. Nyamaza, bwana."

Baada ya kufungwa Nev alimwendea tena. Garnet alimuuliza swali moja. "Bado unakimbia?"

"Bado."

"Basi bado."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka ishirini na mitatu. Mtu ambaye riziki yake ni kuhesabu alihesabiwa hadharani. Dukani kwa muuza nyama alikabidhiwa soseji moja moja: "Moja, Garnet. Mbili. Hii tunaiitaje?" Kwenye mzani wakulima walishuka kwenye malori kila mavuno: "Pima tena, bwana, nasikia moja kwako ni mbili." Wengi walitania kwa upendo, na yeye alicheka nao. Lakini wapo walioomba kweli kupimiwa upya, na kila mara namba ilirudi ile ile. Mwaka 1999 nafasi ya msimamizi wa maghala ilipotokea, alipewa mtu wa mji mwingine. Hakuna aliyetaja fainali. Hakuna aliyehitaji kuitaja.

Tangu 1991 Nev hakuongeza neno lake kwenye ujumbe wa mtu, na hakuutazama ubao tena. Kabla ya kuingia alipita kwanza kibandani, ambako waweka alama hukaa pamoja na washika saa, akauliza kwa mdomo, ndipo akakimbia. Makocha watano walimpigia kelele kwa ajili ya sekunde hizo. "Nev, nenda basi, mpira hautungoji sisi." Alipita kibandani. Tulidhani ni uzee. Baada ya ubingwa wa 1998, wakati watu wanaimba, alimwendea Garnet tena akapewa jibu lile lile. Baada ya 2006, vilevile.

Jumamosi ya tarehe 13 mwezi huu tulitolewa nusu fainali kwa alama tisa. Nev aliingia mara kumi na tisa, goti likiwa limefungwa kwa plasta, kisha akamkabidhi fulana ya waridi Tegan Rethus, anayeshika kazi hiyo msimu ujao. Jumatatu asubuhi, kabla lori la kwanza halijafika, alikuwa mlangoni kwenye mzani.

"Umeacha kukimbia?" Garnet aliuliza.

"Nimeacha."

"Umeacha wewe, au ni goti limeacha?"

"Sote wawili."

Garnet aliendelea kuufuta mzani. "Haya," akasema. "Fanya unavyotaka. Mimi nina kazi."

Kamati ilisita Nev alipotaka haya yote yaandikwe. Katibu alisema, tena kwa nia njema, kwamba hii ni sherehe, watu wamelipia kuku na pudingi, na wasifu wa mstaafu si mahakama. Nev alisikiliza akizunguka meza. Kisha akasema, "Basi andikeni wasifu wa mtu mwingine, mumpe kuku wangu." Alipoulizwa kama haogopi kwamba miaka thelathini na minne itakumbukwa kwa maneno mawili, alisema anayaogopa sana, na kwamba ameshachoka kuyabeba akiwa mwenye woga. Kamati ilipiga kura. Haya mnayosoma yamepita kwa tofauti ya kura moja, na safari hii tuliihesabu mara mbili.

Kwa hiyo yasomwe kama yalivyo. Kosa la 1991 lilikuwa la Neville Trewin, na ametaka lijulikane akiwa hai, akiwa ndani ya ukumbi, wakati anaweza kutazamwa usoni. Mwandishi aliyeshika saa siku ile naye aliamini kwamba Garnet ndiye aliyekosea hesabu, akamcheka mara kadhaa dukani kwa muuza nyama, na anajiandika hapa kuwa naye ni mwenye kosa.

Nev, klabu inakushukuru kwa michezo 611, kwa ubingwa mara mbili, kwa nyasi zilizonusurika, na kwa kila beki uliyemfikia kabla hajakata tamaa. Tunakutakia maisha mema, goti jipya kama daktari atakubali, na angalau kiti kimoja nyumbani ambacho Noelene ataweza kukuona umekikalia.

Garnet Pohlner amekaa meza ya tatu, upande wa dirisha. Waliomtania walifanya hivyo kwa sauti. Leo wamwendee, wasinong'one. Sisi tunaanza, kwa niaba ya klabu nzima: tuwie radhi, Garnet. Ulikuwa na moja, na moja ndiyo iliyokuwa sahihi.