Vidonge vya Baba Watoto

Kwenye basi la asubuhi, fundi cherehani aliyeketi mbele yangu alimwonyesha mfamasia mstaafu vidonge vya mafua makali alivyoandikiwa mumewe. "Nampelekea mama mkwe hivi vilivyobaki. Baba watoto vilimwinua siku ya tatu tu."

"Dozi ni siku tano, mwanangu."

"Alishapona, mzee wangu." Kumbe mume alimshinda daktari kwa siku mbili.

"Mama mkwe ana ugonjwa mwingine?"

"Figo tu."

Mzee alivua miwani. "Figo tu? Dawa hii hutolewa mwilini na figo! Daktari azipime kwanza, pengine apunguze dozi. Mafua yalimwanza lini?"

"Jana."

"Basi mpeleke leo hii, dawa hii haitaki kucheleweshwa."

"Mafua yako puani, figo ziko mgongoni! Na foleni utanipangia wewe?" Alisema hayo bila wasiwasi, na futi ya kupimia watu ikimning'inia shingoni.

Basi lilisimama hospitali. Fundi hakuinuka. Ila simu ilikuwa sikioni tayari: "Mama, vile viwili vya kwanza nilivyokutumia alfajiri kwa bodaboda, umeshavimeza?"