Bata wa Buluu

Joachim alipanda taksi-basi na bata wake kikapuni. Chifu wa mtaa alikuwa amemwita yeye na jirani yake, Mama Angèle, anayetia rangi sare za shule zilizochujuka. Maji yake machafu huingia uani kwa Joachim, na bata aliyekuwa mweupe sasa ni wa buluu. Ndiye ushahidi.

Mama Angèle alikaa kiti cha mbele yake bila kumwona, mapajani chupa ya maji hayo, aliyoagizwa na chifu. Kijana wa pembeni, mwanafunzi wa kemia, aliitazama.

“Mama, miye niko na dawa ya hii maji. Nanoparticules, unga laini-laini ya chuma. Tunaitengenezaka na majani ya mapera, haina sumu.”

“Mapera njo dawa ya kuhara, mutoto yangu. Maji yangu haiko na kuhara.”

Kijana akatia unga mweusi, akatikisa, akabandika sumaku ubavuni mwa chupa. Unga ukaifuata sumaku, na rangi nayo. Maji yakabaki kama ya mvua.

“Yesu! Sasa ule Papa Joachim atamuonyesha chef nini?”

Gari likasimama ofisini kwa chifu. Bata akalia. Mama Angèle akageuka, akaona kichwa cha buluu kikimtazama.

“Mutoto yangu,” akanong'ona, “hii sumaku yako inakamataka hata bata?”