Msusi Aliyewaombea Paka, Akashindwa Kujiombea

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu kwa kuwa mimi ndiye mdogo wake anayemfuata, na kwa kuwa shemeji yangu, mume wa marehemu, amesema sauti haitamtoka. Kazi yangu ni kuchomelea mageti, si kuandika. Pale nitakapokwaruza, mnisamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, chumba cha pili kutoka bombani. Alikuwa kifungua mimba. Baba yetu alikuwa mtunza stoo kiwandani, na mama alishona sare za shule hapo hapo sebuleni, tukila na kulala katikati ya vitambaa. Baada yake nilikuja mimi, kisha mdogo wetu wa kike aliyefunga mlango. Mama alikuwa akisema kwamba huyu mkubwa alizaliwa na uso mkavu wa kuwaombea watu. Chumvi ikiisha, alitumwa yeye. Baada ya muda hata majirani wakawa wanakuja kumwazima kwa mama ili awaendee kuomba kwa majirani wengine, kwa sababu hakuwa anarudi mikono mitupu. Lakini viatu vyake vya shule vilipoanza kumbana, hakumwambia mtu. Alivikanyaga visigino na kuvivaa kama kandambili mpaka mama akaona malengelenge. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba mwezi ule baba alikuwa amekwisha kuninunulia mimi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kumaliza mwaka 1981. Alikuwa mzuri wa hesabu, na mwandiko wake ulikuwa wa kujidai. Aliingia sekondari, akafika kidato cha pili, ndipo kiwanda kikapunguza watu na baba akawa miongoni mwao. Nyumba ya kiwanda ikaondoka pamoja na kazi. Tulihamia chumba na sebule nyuma ya stendi, na marehemu akaacha shule ili sisi wadogo tuendelee. Hakuna aliyemlazimisha. Alikata shauri mwenyewe, akakunja sare yake vizuri, na mama akaipunguza ikamtosha mdogo wetu.

Kazi ya ususi alijifunza kwa mama mmoja wa sokoni aliyekuwa na mkono mwepesi na mdomo mzito. Mwaka 1989 alifungua saluni yake, chumba kimoja nyuma ya duka la kutoa fotokopi. Wengi wenu mnakijua kile chumba. Viti vya plastiki vitatu, kioo kilichozibwa pembe kwa gundi ya karatasi, na draya iliyokuwa ikiwashwa tu, mwenye fotokopi anagonga ukuta kwa sababu umeme umekatika kwake. Alisuka mabibi harusi, akasuka watoto wa shule, akawasuka na waliofiwa bila kuwauliza maswali. Nywele zikiwa chache alizipanga zikaonekana nyingi, na hakumwambia mwenye nazo.

Alifunga ndoa tarehe 6 Julai 1991 na fundi wa majokofu aliyekuja kutengeneza friji ya mwenye fotokopi, akakawia hapo siku nzima kwa ubovu ambao hadi leo hajaueleza. Mungu aliwajalia mtoto mmoja wa kike, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea. Shemeji yangu huyu manyoya ya paka humtoa chafya na machozi. Nalisema hili ili mjue upendo ulikuwa wa kiasi gani, maana kwa miaka ishirini amelala na leso chini ya mto, na sikuwahi kumsikia akisema paka waondoke. Alichofanya ni kuniita mimi nichomelee vizimba vya kuweka barazani. Nilichomelea shingo upande. Mimi paka siwapendi, na dada alijua.

Mambo ya paka yalianza mwaka 2003. Pikipiki ilimgonga paka mmoja nyuma ya saluni, akaburura mguu hadi kwenye kapu la nywele za bandia, akalala humo. Marehemu alimfunga kwa kanga, akampeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye yupo hapa leo na atanisahihisha nikikosea. Daktari alikuwa amezoea ng'ombe na kuku. Alimwambia mfupa unaweza kuunganishwa kwa chuma, lakini gharama yake inanunua paka kiroba kizima. Marehemu alimuuliza kama huyo wa kwenye kiroba ndiye anayeumwa mguu. Daktari akaenda kunawa mikono.

Siku hiyo saluni kulikuwa na mteja anayesubiri, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama ovyo. Marehemu akarudi, akaendelea kusuka, akamsimulia. Hapo ndipo alipovumbua utaratibu wake, na wanawake mliomo humu hamhitaji kuelezwa. Hakuomba mtu akiingia. Hakuomba mtu akitoka. Alingoja afike katikati ya kichwa, upande mmoja umekwisha na mwingine umefumuka, ndipo anaanza, taratibu, "Mwenzangu, nina mgonjwa." Utakimbilia wapi na kichwa cha namna hiyo? Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, lakini hakuongeza chumvi. Kama ni jicho alisema jicho, kama ni minyoo alisema minyoo, na kama daktari amesema hana matumaini alisema hivyo pia, kisha akaomba hivyo hivyo.

Kwenye rafu ya kioo aliweka chupa tupu za jemu, kila mgonjwa na chupa yake, na kwenye kila chupa alibandika plasta iliyoandikwa ugonjwa. Majina hakuwapa. Alisema ukimpa paka jina utamng'ang'ania, na wake wote ilikuwa lazima wapone waende kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo tulikuwa na Mguu, tukawa na Jicho, tukawa na Taya, na kuna mmoja aliyeitwa Kila Kitu. Ukirudi kufumua nywele baada ya wiki kadhaa, ulipewa taarifa ya mgonjwa uliyemchangia kabla hujaketi. Wapo watu wenye mkono wa birika kabisa, ndugu zao wa damu hawajawahi kuonja chochote chao, lakini walilipia taya la paka. Bibi mmoja alihamia kwenye mawigi ili kukwepa michango, kisha akawa anapita mlangoni kuuliza Jicho anaendeleaje. Wanaume waliokuja kuwasubiri wake zao waliondoka wamelipia dawa za minyoo na hawajui ilikuwaje. Mtaani watu wakimwona kwa mbali walijifanya wanaongea na simu. Yeye alicheka. Tulidhani anacheka.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa mtu mwingine asome.

Siku moja, mwaka 2021, wateja wawili walikuwa wamekaa nje wakisubiri zamu. Mmoja akasema, kwa utani, kwamba huyu msusi kwa michango ya paka siku akiugua yeye tutakuwa tumeishiwa. Wakacheka wote wawili. Marehemu alikuwa nyuma ya pazia akiosha machanuo. Aliyesema nadhani hakumbuki, na simtafuti. Ulikuwa utani wa kawaida, wa aina ambayo hata mimi ningecheka. Lakini dada aliuchukua akaenda nao nyumbani.

Mwaka uliofuata aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Alikwenda zahanati peke yake, akaambiwa aende hospitali kubwa akapimwe na pengine kukatwa. Akaambiwa na gharama. Alirudi saluni, akafunga aproni, hakumwambia mume wake, hakumwambia binti yake, na mimi ambaye karakana yangu ipo mwendo wa kuitana hakuniambia.

Mwezi huo huo aliletewa paka jike, mweupe, mwenye uvimbe kwenye chuchu. Kweli kabisa, daktari ni shahidi. Marehemu akaweka chupa kwenye rafu, akaandika Uvimbe, akaanza kuwasimulia wateja. Wanawake waliosukwa kipindi hicho wananiambia hajawahi kusimulia vizuri namna ile. Aliwaeleza kwamba mwanzoni hauumi, ndiyo maana mtu anauchukulia poa. Aliwaeleza kwamba ukiugusa ni kama kokoto chini ya ngozi, na kwamba ukilalia upande ule unaukumbuka. Wao walidhani amefundishwa na daktari wa mifugo. Chupa ilijaa haraka kuliko zote zilizowahi kukaa pale. Paka alipasuliwa, akapona, na sasa anaishi kwa mwenye fotokopi, analala juu ya mashine kwa sababu ina joto.

Nimelifikiria hili tangu mwezi jana na bado nalirudia. Alisimama nyuma ya viti vyenu siku baada ya siku, mikono yake iko vichwani mwenu, akiomba dawa ya ugonjwa aliokuwa nao, na alipopewa akaipeleka kwa paka. Nina hasira naye. Mnisamehe kwa kusema hivyo mbele ya jeneza, lakini yeye aliwachukia waongo, na leo sitaki kuwa mmoja wao.

Alijikaza zaidi ya mwaka. Mkono wa kushoto ulivimba, akasema ni uchovu wa kusuka. Akapungua, akasema ni mfungo. Mwisho mteja mmoja aliona damu kwenye blauzi yake, akasimama na nywele zake nusu, akaenda mwenyewe kumwita shemeji kazini. Hospitalini, daktari alituonyesha picha ya mapafu na kutuuliza mbona tumechelewa.

Nilimuuliza dada siku hiyo hiyo kwa nini hakusema. Hakukasirika. Alinisimulia yale ya nyuma ya pazia, kisha akasema, "Nimewaomba watu miaka yote hii, mdogo wangu. Nilijua zamu yangu nimeshaitumia."

Haikuwa kweli. Natamani angeishi aone jinsi isivyokuwa kweli, ingawa kidogo aliona. Habari zilipotoka, korido ya wodi ilijaa. Mlinzi alilazimika kuwapanga watu foleni kama kwenye kisima. Walikuja waliosukwa harusi zao na mabinti zao, akaja bibi wa mawigi, wakaja wale wanaume wa minyoo. Kilichohitajika kwa upasuaji kilipatikana alasiri moja, bila mtu kushawishiwa. Kikapatikana wakati ambao hakikuwa tena na cha kununua. Daktari alitushukuru, akatushauri tumpeleke nyumbani.

Alikaa nyumbani wiki tatu, chumba cha mbele, dirisha wazi. Wageni walipokuja aliwaambia wasikae sana, wana kazi zao. Binti yake akishika mkono wake alimkumbusha watoto wa chekechea. Mimi kila asubuhi nilipita kumsalimu kabla ya kwenda karakana, naye kila asubuhi alinifukuza, akisema geti la mtu halijichomelei.

Asubuhi moja niliinuka kuondoka kama kawaida, akanishika ukosi wa ovaroli. Mkono haukuwa na nguvu hata ya kushika chanuo. Aliniuliza, "Nikuombe kitu?" Nikamwambia aombe. Alikaa muda mrefu akitafuta namna ya kulisema, mtu ambaye kwa ajili ya paka hakuwahi kukosa neno. Kisha akasema, "Leo usiende."

Sikwenda. Hilo ndilo ombi pekee ninalolijua ambalo dada yangu aliwahi kumwomba mtu kwa ajili yake mwenyewe, na lilikuwa jepesi kiasi hicho. Alifariki kesho yake, tarehe 9 Agosti 2023, saa za asubuhi, mume wake, binti yake na mimi tukiwa naye. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Marehemu ameacha mume, binti, mkwe na mjukuu mmoja wa kiume. Wadogo zake wawili, yaani mimi na mdogo wetu wa kike. Mawifi na mashemeji. Daktari wa mifugo ambaye tangu msiba utokee hajafungua zahanati yake. Wateja ambao hatuwezi kuwataja wote. Na paka watano barazani ambao bado wanangoja nyumba.

Kabla sijakaa. Yupo mtu kati yetu, siwezi kumjua, ambaye ana maumivu yake na ameyanyamazia kwa sababu anadhani ametuchosha. Labda kweli umetuchosha. Njoo hivyo hivyo. Ukiona haya kuwaambia watu, niambie mimi nikitoka hapa mbele. Sina maneno matamu kama yake, lakini nitakwenda mlango kwa mlango, nitakuombea mimi.

Dada yetu na apumzike, amani iwe juu yake.