Simu Iliyoita Ndani ya Behewa

Mshonaji alikuwa dirishani, kwenye treni ya asubuhi, aliposikia mzee wa kiti cha mbele akimlalamikia muuguzi aliyeketi naye.

"Wageni wamejaa mtaani kwetu, mwanangu. Wakicheka, nitajuaje hawanicheki mimi?"

"Umewahi kuwasalimu, baba?"

"Mgeni ndiye hupiga hodi!"

"Na akipiga, unafungua?"

Mzee akajikuna kidevu. "Mimi sina ubaya nao. Wakae mbali tu."

Mshonaji, naye mgeni, akajisemea moyoni kwamba hao wasio na ubaya ndio waliomhamisha nyumba mara mbili.

Simu yake ikaita. Alikuwa mama yake, asiyejua lugha nyingine ila ya kwao. Siku zote huikata, kisha humpigia akishashuka. Leo kidole kilisita, simu ikanyamaza, ikaita tena. Akapokea, akaongea kwa lugha yao.

Vichwa vikageuka. Mzee akauvuta mfuko wake mapajani.

"Mnasema nini?"

"Mama ananiuliza kama nimekula."

Mzee akafungua kinywa ajibu, lakini treni ilikuwa imesimama na watu walishaanza kusukumana mlangoni.